Jiko la Mkebe: Historia ya Msimbo Ulionakiliwa Bila Maelezo

Nimenyamaza hapa kwa muda, na kabla hamjanishtaki, nina sababu mbili. Ya kwanza ni kazi ya ofisini. Ya pili ni hospitali. Si mimi niliyekuwa mgonjwa. Ni rafiki yangu, aliyeungua mkono kwa jiko nililotengeneza mimi mwenyewe kwa mikebe miwili ya soda.

Kwa hivyo leo hakuna habari za hifadhidata wala za simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu majiko ya mikebe: yalitoka wapi, na yalifikaje mikononi mwa kijana wa kompyuta asiyejua hata kufua bati. Nilipoanza kuchimba historia yake niliona kwamba kosa langu limefanywa na watu wengi kabla yangu. Ni kosa ambalo mtu wa programu hafai kulifanya hata kidogo.

Kwanza kilichotokea. Tulikuwa wanne, tumepiga kambi chini ya mlima Longonot. Jua lilikuwa limeshapanda na tulikuwa tunachemsha maji ya chai. Jiko langu lilitumia spiriti, ile inayouzwa kwa chupa dukani. Nilikuwa nimelijaribu nyumbani mara tatu, usiku, taa ya jikoni ikiwa imezimwa, na likawaka mwali wa buluu mzuri ajabu. Pale Longonot maji yalikuwa bado hayajachemka, nikatazama jiko nikaona limezima. Nikamwambia rafiki yangu, "Hebu ongeza spiriti kidogo, boss."

Halikuwa limezima. Mwali wa spiriti hauonekani juani. Moto ulipanda ule mkondo wa spiriti mpaka kwenye chupa, na chupa ikamlipukia mkononi. Tulimwagia maji yote tuliyokuwa nayo, kisha tukatafuta gari la kwenda Naivasha. Ameungua kutoka vidoleni hadi karibu na kiwiko. Anaendelea vizuri, ameshaanza kuandika tena kwa mikono miwili, lakini kovu litabaki.

Niliporudi nyumbani nilisoma tena yale maelekezo niliyofuata. Yalikuwa na hatua kumi na mbili. Kata hapa, toboa pale, kunja hivi, jaza spiriti, washa. Hatua zote kumi na mbili zilikuwa sahihi. Hakuna hata moja iliyosema kwa nini.

DEBE LA JANGWANI

Tuanze na neno tunalolijua wote: debe. Mahindi sokoni tunapima kwa debe. Makanga wa matatu anapiga debe. Mwanasiasa akitaka kiti anaingia debeni. Na wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma. Debe lenyewe ni lile kopo la bati la mraba lililokuja na mafuta, lenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo.

Kopo la ukubwa huohuo ndilo jeshi la Uingereza lililotumia kubebea petroli huko Afrika Kaskazini katika Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia mwaka 1940. Lilikuwa la bati jembamba na mishono yake ilikuwa dhaifu. Likirushwarushwa ndani ya lori jangwani lilivuja, na petroli nyingi sana iliishia mchangani kabla ya kufika kwenye vifaru. Askari wenyewe walilipa jina la dharau la Kiingereza lenye maana ya kitu chepesi kisicho na nguvu.

Basi askari ana vitu vitatu kwa wingi: makopo matupu, mchanga na petroli. Kuni hana, kwa sababu jangwani hakuna miti. Na chai ni lazima, maana huyo ni Mwingereza. Alichofanya ni kulikata kopo katikati. Nusu moja alitoboa matundu ubavuni karibu na mdomo, akaijaza mchanga, akamwagia petroli, akakoroga kwa kijiti, akawasha. Nusu ya pili ikawa sufuria. Jiko hilo wakaliita kwa jina la Benghazi, mji wa bandari wa Libya ambao pande mbili za vita zilinyang'anyana mara kadhaa.

Hapa ndipo panapovutia. Kwa nini mchanga? Ukimwaga petroli peke yake kwenye kopo na kuiwasha, uso mzima unawaka kwa mpigo, na kopo likitikiswa moto unamwagika. Mchanga unaishikilia petroli katikati ya chembe zake na kuitoa polepole, hivyo moto unadumu dakika nyingi badala ya kulipuka na kwisha. Na kwa nini yale matundu ya juu? Ili hewa iingie hata sufuria ikiwa imekaa juu ya kopo. Kila sehemu ya jiko lile ina kazi yake. Aliyelibuni hatumjui, na halikuwa na hakimiliki. Lilienea jeshi zima kwa njia moja tu: mtu alimwona mwenzake akalitengeneza lake.

Lakini ukiliona kwa macho tu, kuna jambo huwezi kuliona. Mwali ukishatulia, mchanga bado ni moto na unaendelea kutoa mvuke wa petroli. Mwenye kuongeza petroli wakati huo anaurudisha moto kwenye kopo la mkononi mwake. Sheria ya jiko hilo ilikuwa kungoja lipoe kabisa kabla ya kulijaza tena, na sheria hiyo haionekani katika umbo la jiko. Lazima mtu akuambie.

Mnaona tayari ninakoelekea. Kosa la Longonot lilikuwa na umri wa miaka themanini hivi.

Na kwa wanaopenda maneno: Wajerumani walikuwa na kopo bora zaidi, la lita 20, la chuma kilichokandamizwa na chenye vipini vitatu. Waingereza waliyateka, wakayapenda, kisha wakaiga. Kwa kuwa Mjerumani kwa lugha ya mitaani ya Waingereza aliitwa Jerry, kopo likawa jerikeni. Leo jerikeni ni la plastiki, limejaa maji kwenye mkokoteni wa Nairobi, na hakuna anayekumbuka vita. Kopo jipya lilikuwa imara mno na la thamani mno kukatwa katikati. Debe linalovuja lilizaa jiko kwa sababu lilikuwa takataka.

MKEBE WA SODA

Sasa turuke hadi Marekani, miaka ya 1990. Kuna njia ya miguu inaitwa Appalachian Trail, kutoka jimbo la Georgia hadi Maine, kilomita 3,500 hivi. Anayeitembea yote hutumia miezi mitano au sita, na kila gramu anaibeba mgongoni. Watu hawa wanakata hata mpini wa mswaki ili mzigo upungue. Unaweza kuwacheka, lakini ukishaandika programu ya simu yenye kumbukumbu ndogo utawaelewa.

Majiko ya dukani yalikuwa mazito. Kulikuwa na mfano mmoja mzuri: kampuni ya Trangia ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1925, imekuwa ikiuza tangu 1951 jiko la kambini lenye kichomeo kidogo cha shaba nyeupe kinachotumia spiriti. Kichomeo hicho kina kuta mbili. Unajaza spiriti katikati na kuiwasha, joto linapita ukutani, spiriti iliyo kati ya kuta mbili inachemka, na mvuke wake unatoka kwa nguvu kupitia vitundu vidogo pembeni. Hakina pampu. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi ya Trangia; fundi shaba mmoja wa New York alipata hataza ya kichomeo cha namna hiyo mwaka 1904.

Watembeaji wakauliza: tunaweza kupata kuta mbili kwa bei ya bure? Wengine walitumia mikebe ya chakula cha paka. Wengine walichukua makalio ya mikebe miwili ya soda, wakayapachika moja ndani ya jingine, wakaweka ukanda wa alumini katikati, na kutoboa vitundu kwa pini. Jiko zima lina uzito usiofika gramu 30. Ukuta wa mkebe wa soda ni mwembamba kama milimita 0.1, kwa hivyo unapata joto haraka sana, na jiko linaanza kutoa mvuke baada ya dakika moja hivi.

Hapa intaneti ikaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watembeaji walianza kuweka michoro na vipimo kwenye kurasa zao, bila malipo. Mwingine anaongeza vitundu, mwingine anapunguza kimo, mwingine anaondoa ukuta wa kati kabisa. Sisi watu wa programu huria tunaujua mchezo huu. Ni mradi usio na kiongozi, wenye matoleo mia, na kila mtu ana tawi lake. Mimi nilipoona hivyo nilifurahi kama mtoto. Nilichukua tawi moja nikalitengeneza siku ya Jumamosi kwa mkasi na pini.

Tatizo ni kwamba kila aliyenakili aliacha kitu. Trangia huuza kichomeo chake na kifuniko cha kuzimia moto: unakifunika, hewa inakatika, unajua kweli kimezima. Mkebe wa soda niliotengeneza haukuwa na kifuniko, maana kifuniko si sehemu ya jiko, ni "nyongeza". Mtembeaji mzoefu hulitilia kivuli jiko na kupitisha kiganja juu, mbali kidogo, kuhisi joto kabla ya kuamini macho. Naye anapima spiriti ya kuchemsha kikombe kimoja, anaimalizia yote, na haongezi. Hayo yote ni maelezo ya pembeni ya msimbo, na yalipotea njiani kati ya milima ya Appalachia na meza yangu ya jikoni Nairobi. Umbo lilifika salama.

MTU ALIYETOA SABABU

Katika kusoma kwangu nilikutana na mtu mmoja aliyefanya kinyume. Lakini kwanza kisa cha jiko lililokosea.

Mwaka 1976 tetemeko kubwa liliipiga Guatemala. Miongoni mwa misaada iliyofuata lilibuniwa jiko la tope na mchanga, likaitwa Lorena, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kihispania yenye maana hizo. Lilikuwa zuri kwa macho, lilitoa moshi nje ya nyumba kwa bomba, na lilitarajiwa kuokoa kuni. Likanakiliwa nchi nyingi. Lilipokuja kupimwa vizuri ikaonekana kwamba mara nyingi halikuokoa kuni hata kidogo, na lingeweza kula kuni nyingi kuliko mafiga matatu. Sababu ni rahisi. Ukuta mnene wa udongo haufungii joto ndani, unalinywa. Unapika ukuta kwanza, kisha ndipo upike chakula. Watu walichanganya uzito na kizuizi cha joto.

Kituo cha Aprovecho cha Oregon, Marekani, ambacho watu wake walihusika na Lorena, hakikuficha kosa hilo. Katika miaka ya 1980 mhandisi wake Larry Winiarski alikuja na jiko la roketi. Na la mwanzo alilitengeneza kwa nini? Kwa mikebe. Mikebe midogo inaunganishwa kama kiwiko cha bomba: mlango wa kuni ubavuni, bomba fupi wima juu yake. Kiwiko hicho kinawekwa ndani ya kopo kubwa, na nafasi inayobaki inajazwa jivu. Jivu ni jepesi na limejaa hewa, kwa hivyo halinywi joto. Moto ndani ya kiwiko unakuwa mkali hadi moshi wenyewe unaungua.

Lakini kilichonigusa mimi si jiko. Winiarski aliandika kanuni kumi. Hakusema tu "kata sentimita kadhaa". Alisema: zungushia moto kitu chepesi kisichonywa joto, weka bomba fupi juu ya moto, choma ncha za kuni tu, si kuni nzima, ongeza au punguza moto kwa idadi ya kuni, inua kuni ili hewa ipite chini yake, usibane njia ya hewa mahali popote, acha mwanya mdogo kati ya moto na ubavu wa sufuria ili joto lisugue sufuria kabla ya kukimbia. Ukizijua kanuni hizo huhitaji mkebe wake. Unaweza kutengeneza kwa matofali, kwa udongo uliochanganywa na unga wa mbao, kwa chochote ulicho nacho.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jirani zetu Uganda wana jiko linaloitwa Rocket Lorena. Jina la zamani limebaki na udongo umebaki, ila njia ya moto ndani ni ya roketi, na udongo umechanganywa na vitu vinavyoacha vitundu vya hewa. Jina lilelile, msimbo mpya.

SHAURI MOYO

Huenda unasema, haya ni mambo ya wazungu wa kambini. Hapana. Jiko maarufu zaidi la Kenya lilizaliwa kwa makopo na mabati yaliyotupwa, na lina kisa kilekile.

Lile jiko la kawaida la bati tupu la makaa linasemekana lilifika na mafundi wa Kihindi wakati wa reli, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mafundi wa jua kali wakaliiga kwa vyuma chakavu. Kasoro yake: ukuta wa bati unapitisha joto pembeni, unaungua vidole na makaa yanapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu waliangalia jiko la ndoo la Thailand lenye udongo uliochomwa ndani, wakaanza kulibadilisha na mafundi wa hapa. Maxwell Kinyanjui ni mmoja wa majina yanayotajwa daima katika kazi hiyo.

Matoleo ya kwanza yalipasuka. Bati likipata moto linatanuka kwa kasi tofauti na udongo, na kikombe cha udongo kilichobanwa ndani kinavunjika. Toleo lililofaulu ndilo unalolijua: kiuno chembamba na tako pana, ili lisipinduke mtu akisonga ugali, udongo nusu ya juu tu, na katikati ya udongo na bati kuna saruji iliyochanganywa na vermikuliti, madini mepesi yanayozuia joto. Halikuwekewa hataza. Fundi yeyote wa Shauri Moyo aliweza kulitengeneza, na wengi walilitengeneza. Leo lipo nchi nyingi za Afrika.

Lakini wapo walionakili kwa macho. Udongo uliochomwa vibaya, au uliopachikwa bila ile saruji, na kwa nje jiko ni lilelile. Mama ananunua, mwezi wa pili limepasuka, anarudi kwenye bati tupu akisema jiko la udongo ni uongo. Mnunuzi anaona umbo. Sababu imejificha kati ya bati na udongo, mahali ambapo jicho halifiki.

NILICHOJIFUNZA

Ofisini ukinakili msimbo usiouelewa, programu inaanguka, unarudishwa nyuma, unalaumiwa kidogo, maisha yanaendelea. Mkono wa mtu haurudishwi nyuma kwa amri moja. Mama ya rafiki yangu nilipomtembelea kuomba radhi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na wewe, mwanangu, hukusoma chuo?" Nilikosa jibu.

Sijaacha kutengeneza majiko. Nimetengeneza la roketi kwa kopo la rangi na mikebe ya maharagwe, nikajaza jivu. Kabla ya kuanza nilichoma rangi yote nje, mbali na watu. Mabati yenye zinki sikuyagusa, maana zinki ikipata moto mkali inatoa moshi unaomwumiza anayeuvuta. Nawe ukitaka kutengeneza lako, nakili na haya:

Usiongeze spiriti, petroli wala mafuta ya taa kwenye jiko ambalo hujahakikisha limezima na limepoa. Macho hayatoshi. Kuwa na kifuniko cha kulizimia.

Usipike ndani ya hema, wala kulala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa. Makaa yasiyo na moshi yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Msimu wa baridi wa Juni na Julai habari za familia zilizolala na jiko hurudi kila mara.

Usifunge mkebe kabisa ukiwa na kimiminika ndani. Mvuke lazima upate pa kutokea.

Na mtu akikuomba umfundishe, usimpe hatua peke yake.

Wiki mbili zilizopita tulirudi Longonot, sote wanne. Rafiki yangu ndiye aliyewasha moto, kwa mkono wa kushoto, na chai ilichemka. Ubavuni mwa lile kopo la rangi ameandika kwa msumari, herufi kubwa: HUNA HARAKA. NGOJA LIPOE.

Basi kwaherini kwa leo. Safari ijayo narudi kwenye hifadhidata, naahidi.